Kuunganisha klasi kwenye ontolojia: tujenge ya malaria, uhusiano kwa uhusiano

Ukianza kutengeneza ontolojia, yaani maelezo rasmi ya vitu vya fani fulani na mahusiano yao, yanayosomeka na kompyuta, kishawishi cha kwanza ni kuchora. Kisanduku cha Mbu hapa, kisanduku cha Malaria pale, katikati mshale wenye neno "hueneza". Ubaoni kila mtu anaelewa. Kompyuta haielewi. Katika OWL, lugha ya ontolojia ambayo W3C, shirika la viwango vya wavuti, iliipitisha mwaka 2004 na kuitoa upya kama OWL 2 mwaka 2009, klasi ni kundi la vitu, na unachoruhusiwa kusema ni habari za vitu vilivyomo ndani ya kundi hilo. Kwa hiyo kila mshale wa ubaoni una swali la kujibu kabla haujaingia kwenye faili: unasema habari za kila mbu, za baadhi ya mbu, au za mbu mmoja uliyemkamata jana?

Mwongozo huu unamfaa mtu anayeweza kufungua Protégé (programu ya kutengenezea ontolojia, toleo la 5, la bure, kutoka Chuo Kikuu cha Stanford) na kuongeza klasi, lakini akifika kwenye mahusiano anakwama. Masomo mengi hutumia pizza, mfano uliotoka Chuo Kikuu cha Manchester. Ni mfano mzuri, ila pizza haina mtu wa maabara wa kukubishia. Malaria inaye.

1. Andika sentensi za "kila" kabla ya kugusa programu

Chukua karatasi. Kila mshale uugeuze uwe sentensi inayoanza na "kila", kisha mpelekee mtu anayeijua kazi yenyewe. Hizi nne zinatosha kuanzia:

- Kila ugonjwa wa malaria husababishwa na kimelea cha Plasmodium.
- Kila mbu wa Anopheles hueneza malaria.
- Kila malaria huletwa na mbu.
- Kila sporozoiti ni Plasmodium.

Ya kwanza inasimama. Ya pili inaanguka papo hapo: madume hawanyonyi damu, majike wengi hawana vimelea, na kati ya spishi zaidi ya 400 za Anopheles ni makumi machache tu zinazoeneza ugonjwa. Hata ndani ya kundi la gambiae, ambalo ndilo linalotusumbua zaidi Afrika, yumo Anopheles quadriannulatus ambaye anapenda zaidi damu ya ng'ombe kuliko ya binadamu.

Ya tatu ndiyo inayowanasa watu. Mtu wa maabara atakwambia kuna malaria ya kuongezewa damu, na kuna ya mama kumwambukiza mtoto aliye tumboni. Ni visa vichache, lakini "kila" haijali uchache. Kisa kimoja kinatosha kuiangusha.

Ya nne ina shida ya aina nyingine. Toxoplasma, kimelea kingine kabisa, naye ana hatua ya sporozoiti, na isitoshe kimelea kilekile ambacho leo ni sporozoiti kikishaingia kwenye ini kitazaa merozoiti, hatua inayofuata. Sporozoiti ni hatua ya maisha ya kimelea, si aina.

Usiruke zoezi hili. Kazi iliyobaki yote ni kuzihamisha kwenye faili sentensi zilizosimama na kuzitafutia umbo lingine zilizoanguka.

2. Panga ngazi ya klasi

`SubClassOf` ndiyo uhusiano wa msingi kati ya klasi na klasi, na maana yake ni moja tu: kila kilichomo huku kimo na kule, bila kubakiza. Anopheles ni klasi ndogo ya Mbu. Malaria ni klasi ndogo ya Ugonjwa. Tezi ya mate ya mbu si klasi ndogo ya Mbu. Ni sehemu yake. Mgonjwa aliyeko wodini si klasi kabisa. Ni kitu halisi kimoja, na mahali pake ni kwenye kichupo cha Individuals.

Aina na hatua zitenganishe kwenye matawi mawili. Tawi moja liwe la spishi: Plasmodium falciparum, vivax, malariae, ovale, knowlesi. Jingine liwe la hatua: HatuaYaSporozoiti, HatuaYaMerozoiti, HatuaYaGametosaiti. Ukizichanganya kwenye tawi moja utajikuta unatengeneza SporozoitiYaFalciparum, SporozoitiYaVivax, na kadhalika kwa mkono, mpaka uchoke. Ukizitenganisha, mchanganyiko wowote unauunda kwa uhusiano pale tu unapouhitaji.

Halafu tangaza zisizoingiliana. OWL haichukulii kwamba Anopheles na Aedes (kundi jingine la mbu) ni vitu tofauti kwa kuwa tu majina ni tofauti. Usiposema, mbu mmoja anaweza kuwa wote wawili na hakuna atakayelalamika. Chagua Anopheles, nenda kwenye Disjoint With, ongeza Aedes na Culex. Ni mibonyezo michache, na hatua ya 6 itaonyesha faida yake.

Tahadhari moja: usitenganishe wagonjwa. MgonjwaWaFalciparum na MgonjwaWaVivax wanaweza kuwa mtu mmoja, maana maambukizi ya mchanganyiko yapo. Tenganisha vimelea, waache watu.

3. Yape mahusiano majina yanayosomeka

Hapa Kiswahili kina mtego wake: upatanisho. Ukiuita uhusiano "kimoNdaniYa" utakaa sawa kwa kimelea, lakini ukija kwa mbu utahitaji "yumo" na kwa tezi "imo". Ukianza kutengeneza uhusiano mmoja kwa kila ngeli, umekwisha. Tumia kiambishi hu-, ambacho hakijali ngeli: husababishwaNa, hukaaNdaniYa, huwaSehemuYa, huwaNaKienezi. Husomeka kwa kitu chochote, na pia hubeba ile maana ya desturi tunayoitaka.

Majina ya kuonekana kwa binadamu yaweke kwenye `rdfs:label` yakiwa na alama ya lugha `sw`, na ya lugha nyingine kando yake. Kitambulisho chenyewe hakihitaji kupendeza.

4. Uhusiano wa kawaida: "kila" upande wa kushoto, "some" upande wa kulia

Chukua ile sentensi ya kwanza iliyosimama. Chagua klasi Malaria, bonyeza alama ya kujumlisha kwenye SubClass Of, na uandike:

    husababishwaNa some Plasmodium

Soma kwa sauti: kila malaria ina angalau Plasmodium mmoja anayeisababisha. Umbo hili ndilo utakalolitumia mara nyingi kuliko yote. Mwaka 2005 mwanafalsafa Barry Smith na wenzake walilipendekeza kama maana rasmi ya mahusiano katika ontolojia za biolojia, na sehemu kubwa ya ontolojia za tiba za leo zinasomeka hivyo.

Sasa igeuze. Plasmodium husababisha some Malaria? Hapana. Kuna vimelea vinavyokufa kabla havijamfanya mtu kuugua, na kuna Plasmodium wa ndege na wa mijusi. Hata ukitangaza kwamba husababisha ni kinyume cha husababishwaNa, injini ya hoja (programu inayotoa mahitimisho kutoka kwenye sentensi zako; HermiT huja pamoja na Protégé) haitakupa sentensi ya upande wa pili, na inafanya vizuri. Kinyume cha uhusiano kinahusu vitu viwili halisi vilivyokwisha kuunganishwa. Hakikuhakikishii kwamba kila kitu cha upande wa pili kina mwenzake. Ukihitaji pande zote mbili, ziandike zote mbili, na kila upande upite kwa mtu wa maabara peke yake.

Kuna njia ya mkato ambayo OWL 2 haiikatazi: kuiunganisha Malaria na Plasmodium moja kwa moja kama kwamba klasi hizo ni vitu halisi. Faili litakubali. Injini itayaona majina hayo kama vitu viwili vingine kabisa, na hakuna hitimisho lolote litakaloshuka kwa wagonjwa wako. Ule mshale wa ubaoni umehamia kwenye faili ukiwa bado mchoro.

5. Sentensi iliyoanguka huenda ni tukio lililojificha

"Malaria huletwa na mbu" ilikataa kusimama kwa sababu inabana mambo mengi ndani ya kitenzi kimoja: kuna kimelea kinachopita, anayepokea, anayebeba, mahali na tarehe. Uhusiano wa OWL una ncha mbili tu. Unapoona ncha zimekuwa tatu au nne, acha kutafuta kitenzi kizuri zaidi. Tengeneza klasi ya tukio.

    Class: MaambukiziYaMalaria
      SubClassOf: Tukio,
        hupitisha some Plasmodium,
        huwaNaMpokeaji exactly 1 Mtu

    Class: MaambukiziYaMalariaKwaMbu
      EquivalentTo: MaambukiziYaMalaria and (huwaNaKienezi some Mbu)

Sasa malaria ya kuongezewa damu ina mahali pa kukaa: ni MaambukiziYaMalaria yasiyo na kienezi. Hakuna sentensi ya uongo, na hakuna aliyeachwa nje. Tarehe na kijiji navyo unavitundika kwenye tukio, si kwenye ugonjwa.

Angalia hiyo `exactly 1`. Ukiingiza data yenye wapokeaji wawili kwa tukio moja, pengine utategemea kosa. Hulipati. Injini itahitimisha kwamba watu hao wawili ni mtu mmoja mwenye majina mawili, mpaka utangaze kwamba ni tofauti.

6. Domain na Range: sheria zinazozaa, si zinazozuia

Kwa waliotoka kwenye hifadhidata hapa ndipo penye maumivu mengi. Unaweka Domain ya huwaNaKienezi (klasi ya ncha ya kushoto) iwe MaambukiziYaMalaria, na Range (klasi ya ncha ya kulia) iwe Anopheles, ukidhani umefunga mlango ili asiingie mwingine. Kisha mwenzako anaongeza dengi:

    Class: MaambukiziYaDengiKwaMbu
      SubClassOf: huwaNaKienezi some Aedes

Bonyeza Start reasoner. MaambukiziYaDengiKwaMbu inageuka nyekundu na kuangukia chini ya owl:Nothing, yaani kundi lisiloweza kuwa na kitu ndani yake. Bonyeza alama ya kuuliza iliyo pembeni upate maelezo, na utaona njia nzima. Kwa kuwa ni kienezi, huyu Aedes ni Anopheles (Range imesema). Lakini Aedes na Anopheles haziingiliani (tulisema kwenye hatua ya 2). Basi tukio la namna hii haliwezekani.

Sasa futa lile tangazo la kutoingiliana uendeshe tena. Wekundu unaondoka, na hapo ndipo mambo yanapoharibika kwelikweli: kwa kuwa lina kienezi, tukio hili ni la malaria (Domain imesema), hivyo dengi imekaa kimya chini ya malaria, na kila takwimu utakayoitoa itazihesabu pamoja. Kosa lenye rangi nyekundu ni zawadi.

Dawa ya mwanzo inayomjia mtu ni kuongeza dengi kama Domain ya pili. Usifanye hivyo. Domain mbili husomwa kwa "na", si kwa "au", kwa hiyo kila tukio lenye kienezi litakuwa la malaria na la dengi kwa pamoja. Ipandishe Domain juu, iwe Tukio, na Range iwe Kiumbe, au ziache tupu. Mimi huziacha tupu mpaka ontolojia iwe imetulia, kisha naweka chache za juu kabisa. Mipaka iliyobaki naiandika kwenye klasi yenyewe, kwa hatua inayofuata.

7. "only", na kwa nini haitembei peke yake

Malaria ya binadamu inapoletwa na mbu, mbu huyo ni Anopheles jike. Hii inasimama, hivyo kwenye SubClass Of ya MaambukiziYaMalariaKwaMbu ongeza:

    huwaNaKienezi only AnophelesJike

`only` husema: kama kuna kienezi, basi ni wa aina hii. Haisemi kwamba kienezi yupo. Ukiiweka peke yake kwenye MaambukiziYaMalaria, maambukizi ya kuongezewa damu nayo yataitimiza bila tabu, kwa kuwa hayana kienezi cha kuivunja. Hapa inafanya kazi kwa sababu `some Mbu` ipo tayari kwenye tafsiri ya klasi. Zikikutana, injini inajua kienezi yupo na kwamba ni Anopheles jike.

Kuwa mgumu kabla ya kuandika `only`, maana ni ahadi juu ya mambo ambayo hayajatokea. Mtu angeweza kufunga orodha ya vienezi vya Afrika Mashariki kwa gambiae, arabiensis na funestus, na kwa muda mrefu asipate wa kumpinga. Kisha Anopheles stephensi, mbu wa Asia anayezaliana kwenye matangi ya maji mijini, akaonekana Djibouti mwaka 2012, Ethiopia mwaka 2016, na baadaye Kenya. Vilevile "Anopheles hubeba only Plasmodium" inaonekana salama mpaka ukumbuke kwamba mbu huyohuyo hubeba minyoo ya matende.

8. Klasi inayojijaza yenyewe

SubClassOf inatoa sifa za lazima. EquivalentTo inatoa sifa zinazotosha kukitambua kitu, na hapo injini inaanza kukufanyia kazi.

    Class: SporozoitiYaPlasmodium
      EquivalentTo: Plasmodium and (huwaKatikaHatua some HatuaYaSporozoiti)

    Class: SporozoitiYaTezini
      EquivalentTo: SporozoitiYaPlasmodium and (hukaaNdaniYa some TeziYaMateYaMbu)

    Class: MbuMwambukizi
      EquivalentTo: Mbu and (hubeba some SporozoitiYaTezini)

Hubeba ni kinyume cha hukaaNdaniYa. Sasa ingiza mbu mmoja halisi, sema ni Anopheles funestus na anabeba kitu cha klasi SporozoitiYaTezini. Usimweke kwenye MbuMwambukizi. Endesha injini, atajitokeza humo mwenyewe, kwenye mandhari ya njano inayoonyesha kwamba hili limehitimishwa. Ile sentensi ya pili iliyoanguka sasa imepata umbo lake: anayeeneza malaria ni huyu mwenye sporozoiti kwenye tezi za mate, si kila Anopheles.

9. Mnyororo wa mahusiano

Kimelea kimo kwenye tezi, tezi ni sehemu ya mbu. Basi kimelea kimo ndani ya mbu. Injini haijui hilo mpaka uiambie. Fungua hukaaNdaniYa kwenye Object properties, na kwenye SuperProperty Of (Chain) andika:

    hukaaNdaniYa o huwaSehemuYa

Hakikisha TeziYaMateYaMbu ina `huwaSehemuYa some Mbu`. Baada ya hapo kila SporozoitiYaTezini itapata mbu wake. Gharama yake ni kwamba uhusiano wenye mnyororo, kama ulivyo ule uliotangazwa kuwa Transitive (A kwa B na B kwa C hutoa A kwa C), hauruhusiwi kuhesabiwa kwa `exactly`, `min` wala `max`. Basi huwaNaMpokeaji, ambao tunauhesabu, usiutundikie mnyororo.

10. Jaribu kuivunja

Tengeneza klasi ambazo unajua haziwezekani uone kama zitageuka nyekundu. Kwa mfano:

    Class: Jaribio_DumeMwambukizi
      EquivalentTo: MbuDume and MbuMwambukizi

Ukifuata mwongozo huu neno kwa neno, haitageuka. Hatujasema popote kwamba dume hawezi kubeba sporozoiti. Ongeza kwenye MbuDume `not (hubeba some SporozoitiYaTezini)`, endesha tena, na itakuwa nyekundu. Klasi za namna hii zihifadhi kwenye faili la pembeni linaloita ontolojia yako, uziendeshe kila unapobadilisha kitu.

Jaribio la pili ni la kutokuwepo. Tengeneza MgonjwaAsiyeNaMalaria kwa `Mgonjwa and not (huugua some Malaria)`, kisha ingiza wagonjwa ambao hawana jibu lolote la kipimo. Klasi itabaki tupu. Kwa OWL, lisiloandikwa halijulikani. Si la uongo. Mgonjwa ambaye kipimo chake cha haraka hakijaandikwa anaweza kuwa na malaria, na kwa tiba huo ndio msimamo sahihi. Lakini ukitaka kumbana karani kwamba fomu isipite bila jibu la kipimo, ontolojia siyo chombo chake. Tumia SHACL, kiwango cha W3C cha mwaka 2017 cha kukagua data, juu ya data ileile.

Faili likifika makumi ya maelfu ya klasi, HermiT inaweza kuanza kukuweka. Wakati huo watu huhamia ELK, injini ya kasi ya kundi dogo la OWL liitwalo EL, ambalo ndilo linalobeba msamiati mkubwa wa tiba wa SNOMED CT. EL inajua `some`, minyororo na kutoingiliana. Haijui `only`, `not`, kinyume cha uhusiano wala kuhesabu. Hivyo kabla ya kuhama, pitia hatua ya 5, ya 7, ya 8 na ya 10 uone ni sentensi zipi hutakuwa nazo tena, na kama klasi yoyote ya majaribio imeacha kuwa nyekundu.